Kadi ya gemu ya bei poa: GTX 1650, RX 580, RTX 3050 ya GB 6 au RX 6600?

Kabla hujatuma hela ya kadi, chukua bisibisi, fungua ubavu wa mashine yako, piga picha ile karatasi iliyobandikwa kwenye pawa saplai, kile kiboksi kinacholisha mashine umeme. Najua umekuja kusikia kadi gani inatoa fremu nyingi (picha kwa sekunde), tutafika huko. Ila kwa hizi mashine tunazotumia wengi wetu, zile desktopu za ofisi za mtumba zilizoshuka na kontena, OptiPlex, EliteDesk, ThinkCentre, zenye i5 ya kizazi cha nne au cha sita, kadi inachaguliwa na pawa saplai, wewe unakuja kulipa tu.

Hili nimelijua kwa hela yangu. Nilinunua RX 580 Kariakoo, bei nzuri, jamaa kaiwasha dukani mbele yangu, freshi kabisa, nikaipakata kwenye daladala mpaka nyumbani kama mtoto mchanga. Kufungua kesi, kwanza kadi ni ndefu inagonga kile kibanda cha hadi diski, pili inataka mkia wa pini 8, yaani waya wa umeme unaotoka pawa saplai kwenda kwenye kadi, na pawa saplai yangu ya wati 290 haina mkia wa kadi hata mmoja. Nikarudi mjini nikauziwa kikebo cha kutoa umeme kwenye plagi ya SATA kwenda pini 8, nikachomeka, Windows ikawaka, nikafurahi. Nikafungua GTA V. Ile inamaliza kupakia tu, mji unaanza kutokea, tap, mashine yote kimya. Nikawasha tena, tap. Mara ya tatu nikasikia harufu ya plastiki, nikashika kile kikebo, moto, na plagi nyeupe imeshakuwa rangi ya chai ya maziwa. Kadi ilipona, hadi diski ilipona, ila ile plagi iligandana na kikebo mpaka nikaikata na koleo.

Hesabu yake ni rahisi kumbe, ningejua. Tundu la mazabodi (ile bodi kuu ya mashine) linampa kadi mpaka wati 75, mkia wa pini 6 unaongeza 75, wa pini 8 unaongeza 150. Plagi ya SATA kwenye ule waya wa volti 12 imetengenezwa kubeba kama wati 54. RX 580 peke yake inakula mpaka 185. Sasa mimi nilikuwa namlazimisha punda wa kilo 54 abebe gunia la 150.

Kwahiyo leo nazilinganisha kadi nne ambazo mtu wa bajeti ndogo anakutana nazo sana, na nazipima zote kwa vitu vilevile. Kwanza kesi na umeme, yaani inaingia humo ndani na inalishwa na nini. Pili magemu, kwa skrini ya 1080p, kwa mtu anayecheza jioni akitoka kazini, sio mtu wa mashindano. Tatu miaka ijayo, draiva (programu zinazoiendesha kadi) zinaendelea kutoka au ndio basi, na magemu mapya yataikubali au yataikataa. Nne sokoni, ukiinunua unaweza kupigwa wapi. Bei za dukani siandiki kwasababu zinapanda na kushuka na dola na mzigo uliopo, nakupa bei za dola ambazo kadi zilitoka nazo ili uone ngazi tu, usiende nazo dukani kubishana.

Kitu kimoja kabla sijaanza, maana kinazihusu kadi zote nne. Angalia skrini yako ina tundu gani nyuma. Wengi bado tuna zile monita za mtumba za inchi 19 zenye VGA tu, ile plagi ya bluu ya skrubu mbili, na hizi kadi zote nne hazitoi VGA. Unahitaji kigeuzi cha HDMI kwenda VGA, kile chenye kiboksi kidogo chenye saketi ndani, sio kile kipande cha plastiki cha kuunganisha DVI, hicho kwenye hizi kadi hakifanyi kitu. Watu wamerudisha kadi nzima wakisema mbovu kumbe kigeuzi. Alafu ukishafunga kadi, waya wa skrini unachomekwa kwenye kadi, sio kule chini kwenye mazabodi ulikozoea. Usicheke, nimeshatembea kilomita kadhaa kwenda kumfanyia mtu hiyo kazi ya sekunde mbili.

GTX 1650 ya GB 4

Hii ni kadi ya Nvidia iliyotoka Aprili 2019 kwa dola 149, na mpaka leo ndio jina la kwanza fundi analolitaja ukimwambia una mashine ya ofisi.

Kesi na umeme: hapa ndipo inapotamba. Inakula wati 75, maana yake nyingi hazihitaji mkia wowote, unachomeka kwenye tundu unafunga skrubu umemaliza. Pawa saplai ya 240 au 290 inaibeba. Zipo pia fupi nyembamba, zile za bracket nusu (kile kibati cha nyuma cha kufungia skrubu), ambazo zinaingia kwenye kesi za kulala kama OptiPlex 9020 SFF yenye pawa saplai ya wati 255. Ila sema neno "bila pini" ukiwa dukani, kwasababu kuna kampuni ziliweka mkia wa pini 6 kwenye 1650 zao, ukifika nayo nyumbani unaanza kutafuta vikebo kama mimi.

Magemu: GTA V inacheza vizuri kwa setingi za juu, Valorant, CS2, Fortnite ya setingi za kati, Euro Truck, EA FC, PES zote, hakuna kelele. Shida ni zile GB 4 za memori. Gemu kubwa la miaka ya karibuni ukiweka textures (picha za ngozi ya vitu ndani ya gemu) za juu, kadi inajaa, inaanza kuazima kwenye RAM ya mashine, na hapo unaona gemu linastaki kila ukigeuka kona. Red Dead Redemption 2 inacheza, kwa setingi za kati kushuka, fremu 60 za muda wote usitegemee. Haina DLSS ya Nvidia, ile mbinu ya kukuza picha ndogo ili fremu zipande, japo FSR ya AMD, mbinu ya kazi hiyohiyo, inafanya kazi kwenye magemu yenye nayo, ajabu ya dunia.

Miaka ijayo: ni ya familia ya Turing, na mwaka 2025 Nvidia walipowaaga GTX 900 na 1000 kwenye draiva za magemu, hii familia ilibaki. Haina ray tracing (kukokotoa mwanga na vivuli kama vya kweli) ya kwenye chuma, kwahiyo magemu yanayoilazimisha, kama Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024 na Doom: The Dark Ages ya 2025, hayo sahau.

Sokoni: ziko aina mbili, zenye memori ya GDDR5 za mwanzo na za GDDR6 zilizokuja 2020, hizi za pili zina kasi kidogo zaidi, bei ikiwa moja chukua hizo. Usiichanganye na GTX 1650 Super, hiyo ni kadi nyingine kabisa, ina nguvu zaidi na inataka pini 6 na wati 100. Na ukiona kadi imeandikwa GTX 1650 alafu ina tundu la VGA nyuma, shtuka. Kuna feki zilizotengenezwa kwa chipu za miaka ya 2010 zikabadilishwa jina ndani ya BIOS (programu ya ndani ya kadi), Windows inakusomea jina zuri, gemu linakwambia ukweli.

Inamfaa: mwenye mashine ya ofisi ambaye hataki kugusa pawa saplai, anayecheza magemu ya kawaida na ya zamani.

RX 580 ya GB 8

Hii ni mzee wa Aprili 2017, AMD, ilitoka kwa dola 229 ile ya GB 8. Kwa hela ya mtumba leo hakuna kadi inayokupa memori nyingi hivi, na ndio maana vijana wanaipenda, na ndio maana mimi niliipenda.

Kesi na umeme: nshasema. Wati 185, pini 8, kadi ndefu yenye feni mbili, inataka pawa saplai ya wati 500 ya kweli, na nasisitiza ya kweli kwasababu kuna pawa saplai nyepesi kama boksi la kiberiti zimeandikwa 600W na ndani hakuna kitu. Pawa saplai nzuri ina uzito mkononi na ina namba ya amp kwenye mstari wa volti 12, zidisha hiyo namba kwa 12 uone wati zinazokuja kweli kwenye kadi na prosesa. Ukiwa na desktopu ya ofisi pia unatakiwa ujue mkia wa mazabodi: OptiPlex 7010 ile ya zamani inatumia pini 24 za kawaida, kubadilisha pawa saplai ni dakika kumi, lakini 9020 ina mkia wa pini 8 wa Dell wenyewe na inahitaji kebo ya kubadilishia. Kebo hizo zipo, sio ghali, ila uijue kabla.

Na bili. Tuseme unacheza masaa matatu kila siku, tofauti ya RX 580 na kadi ya wati 70 ni kama wati 115, kwa mwezi ni uniti 10 na kidogo. Kwa LUKU ya tarifu ya kawaida, kwenye shilingi 350 na kitu kwa uniti, hiyo ni kama 3,700. Kwa mtu wa nyumbani sio kitu cha kumnyima usingizi. Kwa mwenye kibanda cha gemu anayewasha masaa kumi kwa siku ni zaidi ya 12,000 kwa mwezi kwa mashine moja, na akiwa na mashine nne hiyo ni karibu elfu 50 inapotea kwenye joto. Joto lenyewe nalo, chumba cha mabati Desemba Dar, aisee.

Magemu: ina nguvu kuliko 1650, sio kwa mbali sana lakini unaiona, na zile GB 8 zinakuwezesha kuweka textures za juu bila kustaki. GTA V, RDR2 ya setingi za kati, Forza Horizon 5, inatembea. Kwa magemu ya 2016 mpaka 2021 ni raha tupu.

Miaka ijayo: hapa ndio inaumia. Tangu Novemba 2023 AMD wameitenga na draiva za kadi mpya, inapata matengenezo tu. Haina mesh shaders (mbinu mpya ya kuchora magemu), haina ray tracing, magemu mapya yanazidi kuiacha. Kama unacheza vitu vya zamani hilo halikuhusu hata kidogo.

Sokoni: twende polepole hapa, maana ndio kwenye mitego mingi.

Kwanza, nyingi zilichimba Ethereum. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum wakabadilisha mfumo, uchimbaji wa kadi ukafa siku hiyohiyo, na malaki ya kadi yakamwagika sokoni duniani, nyingine zikaja mpaka huku. Kadi iliyochimba sio lazima iwe mbovu, chipu inaweza kuwa nzima kabisa, kinachochoka ni feni na pesti ya kupoozea chipu na zile pedi za joto za kwenye memori. Shida kubwa ni wachimbaji walikuwa wanabadilisha BIOS ya kadi ili ichimbe vizuri, ukiifunga kwenye mashine yako draiva inakataa au gemu linaganda. Baadhi ya RX 580 zina kiswichi kidogo juu ubavuni cha kuchagua BIOS, zima mashine, kisogeze upande wa pili, washa ujaribu, mara nyingine kadi "iliyokufa" inafufuka hapohapo.

Pili, kuna RX 580 2048SP. Hii ilitolewa soko la China mwaka 2018, jina RX 580 lakini ndani ni sawa na RX 570. Sio feki, imetengenezwa hivyo, ila haitakiwi uuziwe kwa bei ya 580 kamili. Fungua programu ya GPU-Z, angalia sehemu ya Shaders, 580 ya kweli inaandika 2304. Ikiandika 2048 punguza bei au ondoka.

Tatu, zipo za GB 4. Kama unachukua ya GB 4 basi ile sababu kubwa ya kuinunua umeshaiacha dukani.

Inamfaa: mwenye kesi kubwa na pawa saplai ya maana tayari, anayejua kufungua kadi kubadilisha pesti au ana fundi wa kumwamini, na haangaiki na magemu ya mwaka huu.

RTX 3050 ya GB 6

Hii ilitoka Februari 2024, ilianza kuuzwa kwenye dola 170 na kitu. Soma jina lote, GB 6, kwasababu ile 3050 ya GB 8 ya Januari 2022 ni mnyama mwingine, wati 130, mkia, na nguvu zaidi. Nvidia wangeipa jina lake tu tukapumzika.

Kesi na umeme: wati 70. Sabini! Haina mkia, inakula chini ya 1650, na zipo fupi nyembamba za kuingia kwenye kesi za kulala. Hata UPS ndogo ya 650VA, ambazo nyingi zinatoa kama wati 360, inabeba mashine nzima na skrini umeme ukikatika katikati ya mechi.

Magemu: inaizidi 1650 kwa kiasi kinachoonekana, ipo jirani na RX 580 kwa nguvu, sometimes juu sometimes chini kutegemea gemu. Kinachoitofautisha ni DLSS. Gemu lenye DLSS unaliwasha kwenye Quality, kadi inachora picha ndogo alafu inaikuza kwa akili, fremu zinapanda na macho hayaoni tofauti kubwa. Na kama unarekodi magemu yako au unarusha laivu, ile sehemu yake ya kurekodi ni ya kisasa, haili fremu sana.

Miaka ijayo: nzuri. Draiva zipo, ray tracing ya kwenye chuma ipo, japo usiwe na ndoto, inatosha gemu likubali kuwaka na lichezeke kwa setingi za chini, sio kutazama vivuli vya maji.

Sokoni: nyingi utazikuta mpya kwenye boksi, kwahiyo una garantii na huna historia ya uchimbaji, hii ilitoka wakati uchimbaji umeshakufa. Ubaya ni hela. Kwa hela hiyohiyo unaweza kupata RX 6600 ya mtumba yenye nguvu zaidi kwa mbali, na hapo ndio watu wanaanza kubishana mpaka usiku. Ubishi wenyewe unaisha ukifungua kesi: huna pini 8, huna mjadala.

Inamfaa: mwenye mashine ya ofisi anayetaka kukaa nayo miaka kadhaa, mwenye kesi ndogo, mwenye kibanda cha gemu, na mtu anayeogopa mtumba.

RX 6600

Ilitoka Oktoba 2021 kwa dola 329, kipindi kile kadi zilikuwa kama dhahabu, baadae ikashuka sana. GB 8, na kwa nguvu ni karibu mara mbili ya GTX 1650. Katika hizi nne hii ndio yenye misuli, hakuna siri.

Kesi na umeme: wati 132 na pini 8. Angalia hapo, ina nguvu kuliko RX 580 na inakula kidogo kuliko RX 580, miaka minne ya ufundi inaonekana. AMD wanasema pawa saplai ya 450. Nyingi zina feni mbili na sio ndefu sana, kesi ya kawaida inaimeza. Kwenye kesi ya kulala haingii.

Magemu: kwa 1080p unaweka setingi za juu na unasahau. Cyberpunk, RDR2, EA FC, chochote. Lakini sikiliza, kama prosesa yako ni i5-4570 hii kadi itakaa inapiga miayo. Inasubiri prosesa imalize hesabu zake, na magemu kama CS2 na Valorant yanategemea prosesa kuliko kadi, utabaki na fremu zilezile alizonazo jirani yako mwenye kadi ya nusu bei. Hii inapendeza na Ryzen 5 3600, i5 ya kizazi cha kumi, vitu hivyo. Kingine, inatumia njia 8 za PCIe (lile tundu la kadi kwenye mazabodi) badala ya 16, kwenye mazabodi za PCIe 3 inapoteza kidogo tu, huwezi kulia.

Miaka ijayo: ray tracing ipo ya kuwashia magemu yanayoilazimisha. Upande wa draiva, mwishoni mwa 2025 AMD walitenganisha draiva za kizazi hiki na za kadi mpya, watu wakapiga kelele, wakatoka kueleza kwamba magemu mapya bado yatahudumiwa. Mimi naichukulia kwamba ina miaka yake mizuri bado, ila sio mtoto tena.

Sokoni: nazo zilichimba, ila kwa muda mfupi kuliko 580. Ukipata yenye boksi na risiti ya mwanzo ni dili. Usiichanganye na RX 6500 XT, jina linakaribiana lakini ile ina GB 4 na njia 4 tu za PCIe, kwenye mazabodi ya zamani inadhoofika vibaya. Muuzaji akikwambia "hii ni ileile tu ndogo kidogo", mshukuru uende duka la pili.

Inamfaa: anayejenga mashine upya au mwenye mashine ya kisasa kidogo, anayetaka magemu ya sasa.

Ukifika dukani

Kwa kadi ya mtumba yoyote kati ya hizi, beba flashi yenye GPU-Z na FurMark, programu ya kuichosha kadi. Fungua GPU-Z kwanza, tangu 2018 inazitambua kadi feki nyingi za Nvidia na kuandika FAKE mwanzoni mwa jina, hapo huna haja ya kugombana na mtu, mwonyeshe skrini. Alafu washa FurMark dakika kumi, sio mbili. Dakika mbili kila kadi ni nzima. Angalia joto linapanda mpaka wapi na linatulia au linaendelea, sikiliza feni kama inakwaruza, tazama kama kuna vidoti vya rangi au mistari kwenye picha. Kadi ikitulia chini ya nyuzi 80 na kitu hivi kwenye joto la Dar, iko sawa. Ikipita 90 dukani kwenye feni ya ukutani, nyumbani itakuwaje? Mwisho andikiwa serial namba ya kadi kwenye risiti, sio "VGA card 1 pc", kwasababu siku ya kurudisha wataangalia hiyo namba.

Sasa wewe uko wapi

Una desktopu ya ofisi, kesi ya kusimama, pawa saplai ya 290 na huna mpango wa kuibadilisha: mchuano ni 1650 na 3050 ya GB 6. Hela ikibana 1650, hela ikiruhusu 3050. Hizo nyingine mbili zifute kichwani hata ukiletewa kwa bei ya bure, uliza plagi yangu.

Una kesi ya kulala: hizohizo mbili, ila za bracket nusu, na pima upana kwa rula kabla, nyingine ni fupi lakini nene zinakula nafasi ya matundu mawili na kesi yako ina moja.

Una pawa saplai ya 500 nzuri na prosesa ya zamani, i5 ya nne mpaka ya saba: RX 580 inatosha, hela ya RX 6600 itakaa bure. Chukua 580 iliyopimwa, tofauti ongeza RAM ifike 16 kwa vijiti viwili, ile kuwa na vijiti viwili badala ya kimoja utaiona kwenye gemu.

Una pawa saplai nzuri na prosesa ya kuanzia Ryzen 3600 hivi: RX 6600. Unarekodi au unarusha laivu kila siku, au magemu yako yote yana DLSS, basi tafuta hata 3050 ya GB 8, lakini kwa gemu tupu 6600 inaipita.

Una kibanda cha gemu: piga ile hesabu ya LUKU mara idadi ya mashine, alafu uone kama ile 580 ya bei rahisi bado ni rahisi baada ya mwaka.

Una laptopu: hizi zote hazikuhusu, kadi ya laptopu imegandishwa kwenye mazabodi, usidanganywe.

Na kama unachocheza ni PES 2013, GTA San Andreas, labda PES 2017 kwa setingi za chini, ile Intel HD 4600 iliyomo ndani ya i5 yako ya kizazi cha nne inavicheza hivyo leo bila kadi yoyote, weka SSD na RAM ya pili, hela iliyobaki nunua pedi ya pili, maana najua mnagombania moja hapo na mwenzako anatumia kibodi na anafungwa sita kila mechi.